Chai Iliyopoa kwa Makusudi

Ndugu zangu wa mkoani nikiwaambia naishi Gerezani hunipa pole. Shangazi yangu mmoja aliwahi kuniuliza, kwa sauti ya chini, nimebakiza miaka mingapi. Nimeeleza mpaka mate yamenikauka: Gerezani ni kata, imepakana na Kariakoo, ina kituo kikubwa cha mwendokasi, ina maduka ya vipuri, na wakazi wake hutoka na kuingia bila kusaini kwenye daftari la mtu. Lakini ukiingia mwezi wa pili, joto la Dar es Salaam likishaamua kukaa, huwa naona shangazi hakukosea sana.

Nyumba tunayopanga ni ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uwani nyuma, baraza mbele. Zamani ilikuwa inapata upepo. Sasa imezungukwa na maghorofa pande tatu, imekaa hapo katikati kama mtoto aliyepotea msikitini. Upepo wa bahari unaishia ghorofa ya tano, kwa watu ambao wamefunga madirisha kwa sababu wana viyoyozi. Kinachotufikia sisi wa chini ni yale maji yanayodondoka kutoka kwenye viyoyozi vyao.

Joto hilo ndilo lililoniponza. Wiki moja ya mwezi huo nilialikwa kwenye kikao katika hoteli moja ya pwani, nikakaa kwenye kiti kilichonimeza, na mwenyeji wangu akaniagizia chai ya barafu yenye matunda. Ilikuja kwenye glasi ndefu. Barafu ilikuwa imejaa mpaka shingoni, kipande cha limau kimepandishwa ukingoni kama abiria wa bodaboda, na chini kabisa chai kiasi cha kumezea kidonge. Nikainywa. Nisiwe mwongo, ilishuka mwilini kama habari njema. Kisha mwenyeji wangu akapigiwa simu, akatoka mara moja, na mara moja yake haijaisha mpaka leo. Nililipa mimi. Shilingi elfu kumi na tano.

Njiani nilikuwa napiga hesabu kwa sauti mpaka kondakta akaniangalia. Pakiti ya majani ya chai dukani kwa Mangi haifiki bei ya kile kipande cha limau. Nanasi liko Kariakoo, hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Maji yapo. Sukari ipo. Kilichobaki ni ubaridi. Nikaapa kwamba kinywaji hicho nitakitengeneza nyumbani, tena jagi zima, na nitakinywea barazani watu wakiona.

Mke wangu alikuwa uwani anachagua mchele. Nikamwambia nataka kutengeneza chai ya baridi. Hakuinua hata kichwa.

"Si ile uliyoiacha asubuhi? Iko palepale mezani."

Hapo ndipo ilipo shida, na ndiyo kisa cha safu hii yote. Kwetu sisi chai ya baridi si kinywaji, ni ajali. Chai haipoi kwa kupenda kwake. Ukiikuta imepoa ujue kuna mtu ameitwa msibani ghafla, au kuna mke na mume wamenuniana na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinua kikombe. Mgeni ukimpa chai iliyopoa umeshamuaga. Mgonjwa akiacha chai ikapoa, ndugu wanaanza kupigiana simu. Na yule mtu wa ofisini anayekuomba "chai" ili faili lako lisogee, hata yeye haipendi ikipoa. Kwa hiyo mtu mzima, mwenye akili zake na kodi yake, anaposema anataka kuichemsha chai halafu aipoze kwa makusudi, nyumba nzima inatega sikio.

Binti yangu, ambaye yuko kidato cha nne na anajua kila kitu isipokuwa mahali ulipo ufagio, ndiye pekee aliyenitetea. Akasoma kwenye simu kwamba wenye kinywaji hicho ni Wamarekani, na kwamba kilianzia kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya St. Louis mwaka 1904. Kulikuwa na bwana mmoja, Richard Blechynden, aliyepelekwa kuitangaza chai ya India. Jua likawaka, watu wakawa wanalipita banda lake la chai ya moto bila kuligeukia, na yeye kwa uchungu akaimwaga chai juu ya barafu. Foleni ikaanza.

Hadithi tamu, ila kwa lugha ya vijana wa siku hizi nayo ni chai. Maana binti alipoendelea kusoma akakuta kwamba kuna kitabu cha mapishi cha Virginia, cha mwaka 1879, ambacho tayari kinaeleza chai ya barafu na limau. Bwana Blechynden hakugundua kitu; alikuwa tu mfanyabiashara mzuri aliyepatwa na joto. Nikamwelewa kabisa. Miaka hiyohiyo ya maonyesho ya St. Louis, Wajerumani walikuwa wanajaribu michai yao ya kwanza kule Amani, milimani Usambara, mahali ambapo kuna baridi ya kutosha na hakuna aliyewaza kuiingiza kwenye kikombe.

Asubuhi yake nikaenda Kariakoo kutafuta matunda.

Huwa sipiti pale bila kumkumbuka Beda Amuli, msanifu wetu aliyelichora lile soko la miaka ya 1970, lenye paa la zege kama miavuli na soko jingine chini kwa chini. Yule mzee alilielewa joto. Alijenga jengo linalopumua. Lilipoungua Julai 2021 nilisikitika kama niliyefiwa, na kila nikiliangalia ghorofa lililonizibia dirisha nawaza kwamba aliyelichora hakuwahi kukaa Dar es Salaam hata kwa mapumziko ya chakula cha mchana.

Basi nikasimama kwenye meza ya matunda mojawapo, barabarani, juani. Mama muuzaji akanikaribisha kwa heshima zote.

"Karibu baba. Nanasi la Kiwangwa hili, sukari tupu."

Nimeishi mjini hapa miaka mingi, sijawahi kuuziwa nanasi lisilotoka Kiwangwa. Wala chungwa lisilotoka Muheza. Nadhani kuna mahali nje ya mji ambapo matunda yote yakifika yanabadilishiwa kitambulisho. Lakini lilinukia vizuri upande wa kitako, na jani la katikati likachomoka kwa kidole kimoja, nikalichukua. Nikaongeza fungu la pasheni zilizosinyaa, maana pasheni inayong'aa ni ya picha. Ya kunywa ni ile yenye makunyanzi kama mimi. Nikaongeza ndimu, na embe dodo mbili za mwisho mwisho wa msimu.

"Juisi ya kuuza, au ya nyumbani?" akauliza huku akifunga.

"Ya kutia kwenye chai," nikajibu, sikuona hatari.

Akaacha kufunga. Akamgeukia jirani yake wa meza ya pili, jirani akamgeukia wa tatu. Kisha akaniinamia, uso umelainika.

"Hongera baba. Mama ana miezi mingapi?"

Ningeweza kueleza. Ningeweza kuanza na St. Louis. Lakini jua lilikuwa utosini, na nikaona mkono wake unaelekea kwenye ndimu nyingine. Nikasema minne. Akaniongezea ndimu mbili na kipande cha tangawizi, vya kuzuia kichefuchefu. (Mke wangu alipita pale wiki iliyofuata, mama mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, akapewa kiti akae. Hayo tuliyamaliza chumbani na siyaandiki hapa.)

Jaribio la kwanza nililifanya kama tulivyolelewa: sufuria jikoni, maji, majani ya chai viganja viwili, ikachemka mpaka ikawa nyeusi kama oili chafu. Ndivyo tunavyopika chai ya rangi, tunaichemsha mpaka ikiri makosa. Nikaitia pasheni, nikaichuja, nikaikimbiza kwenye friza. Baada ya saa moja nikaitoa. Ilikuwa imevurugika, ina ukungu, rangi ya mto Msimbazi baada ya mvua za masika. Nikaonja. Ukakasi wake ulinikusanya mashavu yakakutana.

Binti akatoa mhadhara. Kumbe majani ya chai ukiyachemsha muda mrefu yanatoa tanini zote, ndiyo ule ukakasi. Dakika nne au tano za kulowekwa kwenye maji yaliyochemka zinatosha, halafu majani yatoke. Ukitaka iwe kali kwa sababu barafu itaizimua, ongeza majani, usiongeze dakika. Na ule ukungu si uchafu: chai kali ikipozwa ghafla, kafeini na wale ndugu zake wa tanini hushikana wakafanya chembechembe, ndipo chai inapoteza mwanga. Dawa yake ni kuiacha ipoe polepole mezani kabla ya kuipeleka kwenye baridi, na ikishachafuka unaimiminia maji ya moto kidogo inarudi kuwa safi. Nikamiminia. Ikarudi. Nikamuuliza kwa nini mambo haya hawaandiki kwenye pakiti, akasema kwenye pakiti kuna picha ya mlima.

Kijana wa chumba cha tatu, mtu wa Tukuyu, alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo na mswaki mdomoni. Mama yake amechuma chai Rungwe miaka mingi, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mvua na umande. Akatema povu uwani na kuniambia kwa upole wa kutisha:

"Mzee, mama yangu akijua unatia nanasi, atashuka na basi la usiku."

Jaribio la pili nikafuata sayansi. Vijiko vinne vidogo vya majani kwa lita moja, maji yaliyochemka, nikatazama saa kama anayepika yai. Sukari nikaikoroga ingali ya moto, maana sukari haina adabu kwenye maji ya baridi, inakaa chini kama mchanga. Pembeni nikafanya jambo ambalo najivunia: maganda ya nanasi, ambayo mke wangu alikuwa anayapeleka kwenye ndoo ya taka, nikayaosha, nikayachemsha na ile tangawizi ya mjamzito na punje mbili za karafuu. Mama zetu walikuwa wakifanya hivyo kabla watu wa hotelini hawajazaliwa, na maji yake yana harufu kuliko nanasi lenyewe. Nikachuja, nikachanganya na chai, nikaweka vipande vya nanasi na mbegu za pasheni. Embe niliijaribu nikajuta. Nyama yake inatuama chini ya jagi kama uji, ni bora uile kwa mkono huku ukisubiri. Mwisho nikakamulia ndimu.

Chai ikapauka mbele ya macho yangu. Kutoka wekundu wa kahawia mpaka rangi ya dhahabu, mara moja.

"Umeongeza maji," akasema mke wangu.

"Ni asidi ya ndimu. Inabadilisha rangi ya chai."

"Sawa," akasema, kwa ile sauti ya mtu aliyeolewa miaka ishirini na tatu.

Sasa ilibaki barafu. Nikamwita mtoto wa chumba cha pili, nikampa elfu moja. "Nenda kaninunulie barafu, kimbia." Akakimbia kweli, Mungu amjalie. Akarudi na barafu tano za ubuyu.

Kosa ni langu. Mtaani kwetu ukisema barafu umesema ile ya kwenye kifuko, ya ubuyu au ukwaju, inayong'atwa pembeni na kunyonywa mpaka ulimi uwe mwekundu. Mtoto hakuwahi kusikia kwamba kuna watu wazima wananunua maji matupu yaliyoganda. Nikamweleza. Akanisikiliza, akaniuliza, "Yaani haina ladha?" Akaniangalia kama ninayetapeliwa. Nikampa barafu zote tano, akagawa kwa wenzake, na jioni ile nilikuwa mtu maarufu kuliko diwani.

Fundi viatu wa barazani akasema barafu ya kweli ataipata yeye, ana shemeji yake Feri. Baada ya saa mbili bonge likaja, limefungwa kwenye gunia, kubwa kama tofali la inchi sita. Lilikuwa zuri, linatoa moshi. Nikalipasua na nyundo, nikaliinamia kwa shukrani, na ndipo nilipoona gamba la samaki limeganda ndani yake, linameremeta kama shilingi. Bonge lile lilikuwa limelala na vibua sokoni Feri usiku kucha. Fundi viatu akasema nilisuuze tu. Nikamkaribisha aanze yeye kunywa. Akakumbuka ana kiatu cha mtu.

Sasa niwaeleze habari ya friza, maana bila hilo hamtaelewa kilichofuata.

Friza katika nyumba yetu ni moja, la bibi mwenye nyumba, nalo linakaa ukumbini kama mgeni wa heshima, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Ndani yake kuna nyama ya mtu wa chumba cha nne, utumbo wa mtu asiyejitaja, samaki wa bibi, na maji ya kila mtu. Ukilifungua, bibi anajua hata akiwa amelala. "Funga hilo, baridi yangu inatoka!" Anaisema hivyo, baridi yangu, kama mtu mwenye mbuzi. Luku nayo ni moja, tunachangia, na kila yuniti zikiisha kabla ya mwezi huitishwa kikao cha wapangaji kumtafuta mwenye pasi. Mwezi huo hawakutafuta pasi. Walitazama jagi langu.

"Tangu aanze hii chai yake ya kupoza," alisema mtu wa chumba cha nne, "umeme unakwenda mbio."

Nikasema jagi moja haliwezi. Wakasema halijawahi kuwepo, sasa lipo, na umeme umeisha. Hesabu gani tena? Nikalipa elfu mbili zaidi ya wenzangu.

Barazani nako hakukuwa na amani. Wazee wetu wana kikao chao cha kahawa kila alasiri. Muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe, dele limeketi juu ya makaa, nao wanakunywa ile kahawa chungu, ya moto wa kuungua, na kipande cha kashata, saa kumi jioni, jua likiwa linakwaruza ukuta. Mkubwa wao ni mzee mmoja mstaafu wa reli. Nilipopita na glasi yangu nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Hapana mzee. Joto tu."

"Dawa ya moto ni moto," akasema, akaonyesha kikombe chake. "Ukinywa cha moto unatoka jasho, jasho linakupoza. Hayo mabaridi yanakudanganya kooni."

Nikaona hapa nina silaha. Nikamweleza kwamba mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa waliwapandisha watu baiskeli na kuwanywesha maji ya moto na ya baridi, wakakuta kweli cha moto kinaweza kumpoza mtu, kwa sababu jasho linaongezeka. Wazee wakapiga makofi. Subirini, nikasema. Ni pale tu jasho linapokauka mwilini. Jasho lisilokauka halipozi kitu. Hapa kwetu hewa yenyewe imeshalowa, jasho likitoka halina pa kwenda, linatiririka tu mpaka kwenye viatu. Kwa hiyo dawa ya moto ni moto huko Dodoma, ambako hewa ni kavu. Gerezani, mwezi wa pili, ni kuongeza mafuta kwenye tanuri.

Mzee akanywa kahawa yake taratibu mpaka ikaisha.

"Ottawa iko nchi gani?"

"Kanada, mzee."

"Huko kuna joto?"

Kikao kikavunjika kwa kicheko. Nikaingia ndani na glasi yangu, ambayo barafu yake ilishayeyuka wakati natoa ushahidi.

Bibi mwenye nyumba ndiye pekee aliyeichukulia chai yangu kwa uzito. Ni mwanamke wa makamo ya uzeeni, khanga mbili, maneno machache, na imani yake ni moja: chai ni maziwa. Chai ya rangi kwake ni dalili ya mwisho wa mwezi. Alinionea huruma.

"Mwanangu, kama maziwa hayapo si useme? Mimi nina maziwa."

Nikamweleza, kwa heshima, kwamba hii ina pasheni na ndimu, maziwa yatakatika. Hakukubali. Akaja na kikombe chake, akamimina. Tukasimama wote wawili tunatazama. Yakakatika palepale, mabongemabonge meupe yakipanda na kushuka kwenye chai kama mawingu ya Kilimanjaro. Ni asidi, nikasema. Protini ya maziwa haivumilii uchachu, inajikunja. Na nanasi ndiyo balaa zaidi, bibi, lina kimeng'enya kinachomega protini, ukiyaacha humo kwa muda maziwa yanageuka machungu. Kabla sijamaliza, taa ikazimika na friza likanyamaza. Siku hiyo vilikatika viwili, maziwa na umeme, na ukumbini nilisikia mtu akisema gizani, "Jagi hilo."

Bibi alikuwa bado ameshika kikombe.

"Chai isiyopatana na maziwa," akasema polepole, "ina jambo."

Nilikaribia kuacha. Lakini binti alinipa njia ya mwisho, ya kimya kimya, isiyotumia jiko wala kumbishia mtu. Unachukua majani ya chai, unayafunga kwenye kitambaa safi, unayatumbukiza kwenye maji ya baridi, unaweka kwenye ubaridi usiku kucha, muda wa saa nane hivi. Maji ya baridi hayana nguvu ya kuzing'oa tanini zote, kwa hiyo ukakasi unakuwa mdogo sana, chai inakuwa laini, tamu yenyewe, haitaki hata sukari nyingi. Wala haifanyi ukungu kama ile ya kuchemshwa. Nikasema Mungu akubariki mwanangu, ufagio uko nyuma ya mlango.

Ijumaa usiku, watu wamelala, nikafanya kazi kama mwizi. Jagi safi lenye mfuniko. Maji yaliyochemshwa mchana na kupoa. Majani ndani ya kitambaa. Nusu nanasi, vipande vyembamba. Pasheni nne. Ndimu nikaiacha nje, ya kukamulia asubuhi. Nikanyatia ukumbini, nikainua kile kitambaa cha kufuma, nikafungua friza kwa upana wa mkono mmoja. Lilikuwa halijawashwa kwa nguvu, si la kugandisha, nililihakiki. Nikalisukuma jagi nyuma ya utumbo, mahali ambapo hakuna mtu anayeenda kwa hiari.

"Baridi yangu," ikasema sauti kutoka chumba cha mbele.

"Nimefunga, bibi."

Nililala vibaya, kama mtoto wa usiku wa kuamkia Idi. Niliota glasi. Niliota nimekaa barazani, jasho halipo, mzee wa reli ananiuliza kama imebaki kidogo.

Niliamka saa mbili, kumekucha zamani, shati limeganda mgongoni. Nikatoka moja kwa moja mpaka kwenye friza. Nyuma ya utumbo palikuwa na utumbo.

Nikasikia vikombe uwani. Bibi mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbele yake jiko la mkaa, juu ya jiko sufuria, na mvuke wa sufuria ulikuwa unanukia nanasi. Pembeni kulikuwa na maandazi yamefunikwa, na kikombe kikubwa cha bati, kile cha mgeni. Jagi langu lilikuwa limeshaoshwa, limeanikwa kichwa chini.

"Njoo mwanangu, njoo ukae," akasema. "Nimeikuta chai yako humo imepoa kabisa, masikini, baridi kama maiti. Nikasema mtu wa watu ataamka na njaa. Nimekupashia."

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Kijana wa Tukuyu alitazama juu angani.

Unamwambia nini mama wa watu? Nikaketi. Akanimiminia mpaka ukingoni, vipande vya nanasi vikaanguka kwenye kikombe kimoja kimoja, vimelainika. Nikapuliza, nikanywa. Jasho likanianzia nyuma ya masikio, likashuka shingoni, likaingia kwenye shati, na halikukauka. Nikachovya andazi. Nikanywa tena. Chai ilikuwa nzuri, na hilo nawaomba msimfikishie yule mzee wa reli.

Bibi alinitazama nikimaliza kikombe, uso umejaa ridhaa, akainua sufuria kunimiminia cha pili. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya kigoda.

"Leo nimepata maziwa fresh," akasema. "Nikutilie kidogo?"